Bengaluru: Mti Wenye Mwenyewe

Ukitaka kujua mti upi wa Bengaluru utabaki pale barabara itakapopanuliwa, usihangaike kuuliza ofisi yoyote. Tazama shina. Kama limezungushiwa uzi, limepakwa manjano, na chini yake kuna jiwe lenye nyoka wa kuchongwa, mti huo una maisha marefu mbele yake. Kama lina namba ya rangi na karatasi ya tangazo iliyogongelewa misumari, piga picha mapema.

Niliishi katika mji huo wa kusini mwa India nikiwa mwanafunzi, kama walivyoishi vijana wengi wa Kitanzania na Kikenya waliokwenda huko kutafuta digrii. Chumba changu kilikuwa Malleswaram, mtaa wa kale uliopimwa viwanja mwaka 1889 na kujaa watu baada ya tauni ya 1898, wakazi walipoukimbia mji mkongwe uliobanana. Barabara zake mbili kubwa zina majina ya miti. Moja ni Sampige, mti wa maua ya kunukia ambayo wanawake huchomeka kwenye nywele. Nyingine ni Margosa, ambao si mwingine bali mwarobaini, ule ule uliovuka bahari kutoka India ukaja kujaa kwenye nyua zetu mpaka watoto wa Dar es Salaam na Mombasa wanadhani ni wa kwetu tangu enzi za Nuhu.

Hatua chache kutoka geti letu, vichochoro viwili vilipokutana, palikuwa na kibaraza cha mawe cha mraba, kimo cha kiunoni. Wenyeji hukiita katte. Katikati yake ilisimama miti miwili iliyokwishakumbatiana hata hujui gome la huu linaishia wapi: mpipali na mwarobaini. Mpipali ni wa ukoo wa mikuyu, majani yake yana umbo la moyo na ncha ndefu, na hutikisika hata pale ambapo shati lako kwenye kamba limetulia tuli. Ndio mti ambao Buddha aliketi chini yake. Wahindu nao wanauheshimu kupita kiasi, na mtu mzima mwenye akili zake hatauwekea shoka.

Miti ile haikuota pamoja kwa bahati. Ilipandwa pamoja makusudi, ikakuzwa, kisha ikaozwa. Ndoa kabisa, ya kuhani, maua na chakula cha wageni. Mara nyingi mpipali ndiye bwana harusi na mwarobaini ndiye bibi harusi. Chini yao yamepangwa mawe meusi, kila jiwe lina nyoka mmoja au wawili waliosukana. Mawe hayo huletwa zaidi na wanandoa wanaotafuta mtoto. Ukiyasogelea unaona tabaka juu ya tabaka la manjano na unga mwekundu, maziwa yaliyomwagwa asubuhi yakakauka, ganda la nazi, kipande cha kafuri kilichobaki. Yote haya kando ya nguzo ya umeme na bajaji zilizoegeshwa, dereva mmoja kalala kiti cha nyuma miguu nje.

Mama mwenye nyumba wetu, ambaye wapangaji wote tulimwita Aunty, alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu na hakuwa mtu wa ushirikina. Lakini siku mwezi mwandamo unapoangukia Jumatatu, alikuwa anatoka alfajiri, nywele mbichi, kwenda kuuzunguka mpipali mara 108. Katika upindo wa sari alikuwa na karanga 108 alizozihesabu usiku. Kila mzunguko anaweka moja juu ya jiwe, ili asikosee. Akimaliza, kindi na watoto wa shule wanagombania karanga. Nilimuuliza siku moja kama anaamini kweli kwamba mti unasikia. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha. “Mwanangu, mama mkwe wangu aliuzunguka huu huu. Sasa mimi nikiacha, nani atajua upo?”

Jibu hilo nimelibeba miaka yote, kwa sababu linaeleza jambo ambalo ripoti nyingi za mazingira hulipita kando. Mti wa mjini hausimami kwa sababu ni mzuri wala kwa sababu unasafisha hewa. Unasimama kwa sababu kuna mtu ambaye kesho asubuhi atafika pale, asipoukuta atapiga kelele.

Si lazima mtu huyo awe mwabudu. Mtaa wa pili palikuwa na mpiga pasi, kibanda chake ni meza ya magurudumu iliyowekwa chini ya mti uitwao honge, ambao hustahimili vumbi na moshi na hutoa kivuli kizito mwaka mzima isipokuwa majuma machache unapopukutisha. Alikuwa anatumia pasi ya mkaa, ile ya chuma yenye kifuniko na mpini wa mti ambayo kwetu bibi zetu wameshaiweka juu ya kabati. Kwenye shina aligonga msumari wa kutundikia mfuko wa chakula, mwingine wa kioo, na juu yake picha ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ndani ya fremu. Tulimwita Anna, yaani kaka mkubwa, kama unavyomwita mwanaume yeyote wa mtaani aliyekuzidi umri. Mti ulikuwa wa manispaa, na mwenyewe alikiri hivyo. Lakini walipokuja mafundi kupunguza matawi yanayogusa nyaya, Anna ndiye aliyesimama chini akielekeza tawi lipi lishuke na lipi liachwe, na wale mafundi wakamtii. Nadhani ni kwa sababu sare zao nazo alikuwa anazipiga pasi yeye.

Tembea mji huo mchana na utaona kwamba kazi nusu za mjini zinafanyika chini ya miti: mshona viatu, kinyozi mwenye kiti kimoja, muuza madafu, mama anayetunga maua ya kwenye nywele, fundi wa mianzi. Mtafiti Harini Nagendra na wenzake walipima jambo hili kwa vipimo vya joto, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kuwa mchana barabara yenye miti inaweza kuwa na hewa yenye joto pungufu kwa nyuzi 5.6 kuliko barabara isiyo na miti, na lami yenyewe pungufu kwa nyuzi 27.5. Anna hakuhitaji kipimajoto. Alikuwa anashinda na sanduku la makaa mkononi.

Sasa kuna miti ya aina nyingine, na hiyo ndiyo iliyoupa mji sifa. Gustav Hermann Krumbiegel alizaliwa karibu na Dresden mwaka 1865, akafanya kazi bustani ya Kew, London, akaja India 1893 kumtumikia Maharaja wa Baroda. Mwaka 1908 watawala wa Mysore wakamchukua aisimamie Lalbagh, bustani ya Bengaluru iliyoanzishwa na mtawala wa zamani Hyder Ali mwaka 1760, na akaishika hadi 1932. Mjerumani huyu alikuwa na wazo moja zuri sana: panda miti ya barabarani kwa kufuata kalenda, mmoja ukimaliza kuchanua mwingine upokee, ili mji usikose maua mwezi wowote. Waliomfuata wakaendeleza; miaka ya 1980 ofisa misitu S. G. Neginhal aliongoza upandaji ambao hutajwa kuwa wa miti milioni 1.5. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka unaona tabebuia za rangi ya waridi, kisha mijakaranda, kisha Aprili na Mei mji unawaka nyekundu.

Nyekundu hiyo ilinishtua mara ya kwanza, maana ilikuwa ya nyumbani. Ni mkrismasi, mti wa asili ya Madagaska. Kwetu unachanua Desemba, joto linapopamba, ndiyo ukapewa jina la sikukuu. Kule joto hupamba kabla ya mvua za monsuni, kwa hiyo unachanua Mei na watu wanauita kwa mwezi huo. Nje ya chuo tulikuwa na kibobakasi, nacho cha Afrika, kinachodondosha maua mekundu ya machungwa ambayo watoto huyabinya machipukizi yake ili yaruke maji. Hata mwegea nimeuona Lalbagh, umetundika matunda yake marefu, watalii wa Kihindi wanapigana picha. Nikikumbuka nyumbani nilikuwa nakwenda kusimama chini yake, sina aibu kusema.

Miti hii inapendwa. Maua yakitoka, simu zinatoka. Lakini sikuwahi kuona uzi kwenye mkrismasi. Hakuna jiwe chini yake wala mzee wa kuuzunguka, na kwa kuwa kivuli chake ni chepesi miezi mingi, hata mpiga pasi hauchagui. Na ndio unaoanguka wa kwanza. Mvua za Aprili na Mei zikipiga kwa kishindo, asubuhi unakuta umelala juu ya gari la mtu, mizizi yake imekatwa upande mmoja na waliochimba mtaro, upande wa pili na waliopitisha nyaya, na saruji imefika mpaka shingoni. Magazeti yanasema ni mti dhaifu. Mtu akikatwa miguu miwili naye ni dhaifu.

Mwaka 2016 ndipo mji ulipojaribu kuipatia miti ya aina hii wenyewe. Serikali ya jimbo la Karnataka ilitaka kujenga barabara ya juu ya chuma, kilomita 6.7, kutoka katikati ya mji hadi Hebbal kuelekea uwanja wa ndege. Hesabu ilisema miti 812 itakatwa. Tarehe 16 Oktoba maelfu ya watu walijipanga barabarani wameshikana mikono, wazee wa Malleswaram na vijana wa kampuni za kompyuta bega kwa bega, mabango yakiwa na neno moja la Kikannada, beda: hatutaki. Namba 812 ikawa kila mahali, hata kwenye mazungumzo ya dukani. Machi 2017 serikali ikauacha mradi. Sitadai kwamba ni miti peke yake iliyouangusha; bei yake ilikuwa ya kutisha na tuhuma za rushwa zilikuwa zimeshika kasi. Lakini miti ndiyo iliyowatoa watu nyumbani, na nilichokipenda ni kwamba wengi walikuja kusimama chini ya mti ambao walikuwa wameupita miaka na miaka bila kuujua jina.

Mumbai hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 4 Oktoba 2019 Mahakama Kuu ya Bombay ilitupilia mbali maombi ya kuinusuru sehemu ya msitu wa Aarey iliyotakiwa kuwa karakana ya treni za metro. Usiku ule ule misumeno ikaanza. Mahakama ya Juu iliposimamisha kazi tarehe 7, miti 2,141 ilikuwa chini tayari. Na Aarey si kwamba hakukuwa na mungu. Wawarli, watu wa asili wanaoishi humo, wana Waghoba wao, mungu wa chui na simbamarara, wana vijiwe vyao vya ibada miongoni mwa miti. Ila mungu wa maskini hana wakili mzuri. Hapo kanuni yangu ya uzi na jiwe inapata ufa, na sina sababu ya kuuficha: swali si tu kama mti una mwenyewe, bali mwenyewe huyo ni nani mbele ya wakubwa.

Na hata pale mungu anapoheshimiwa, mti hauko salama na waumini wake. Nimeona kibaraza cha mawe kikigeuzwa polepole. Mwaka mmoja wanaongeza vigae ili pasiwe na tope. Baadaye wanaweka uzio wa chuma ili mbuzi na walevi wasikae. Kisha paa la bati, kengele, sanduku la sadaka lenye kufuli, taa za rangi zilizopigiliwa misumari kwenye matawi. Mwisho unakuta hekalu dogo limekalia njia nzima ya waenda kwa miguu, na mpipali umetoboa paa ukitafuta pa kupumulia. Kwa jinsi unavyobanwa, ni afadhali ungekuwa mkrismasi ukapumzika mapema. Mwaka 2013 mahakama maalumu ya mazingira ya India iliamuru saruji yote iondolewe kwa mita moja kuzunguka miti ya Delhi. Amri kama hiyo kuipeleka kwenye hekalu la mtaani ni shughuli ambayo mwanasiasa yeyote ataikwepa.

Kuna jingine lisilosemwa kwenye picha nzuri za katte. Vibaraza hivi vilikuwa, vijijini hasa, mahali wazee walipokaa kuamua kesi na kupiga soga, na Wadalit, watu waliohesabiwa kuwa wa tabaka la chini kabisa, hawakuruhusiwa kuketi juu yake. Walisimama chini, juani, wakati kivuli kimejaa. Mjini mambo yamelegea, mtu hajui jina la ukoo la aliyekaa kando yake. Bado, mwanamke aliyekuwa anafagia kichochoro chetu alikuwa anakunywa chai yake kwenye ngazi za duka lililofungwa, si kwenye kibaraza. Aunty alisema ni mazoea yake tu. Sikumwuliza yule mwanamke, na Kikannada changu kisingetosha.

Turudi kwenye suala la ugeni, maana mtu anaweza kudhani kwamba mkrismasi umekosa uzi kwa kuwa ulitoka Afrika. Mibuyu inakanusha. India ina mibuyu, mingine mikubwa ya kutisha. Hyderabad, ndani ya ngome ya Golconda, uko mmoja ambao mzunguko wa shina lake unapita mita 25, na hadithi za wezi waliojificha tumboni mwake haziishi. Savanur, humo humo Karnataka, ipo mitatu iliyosimama pamoja. Wanasayansi waliolinganisha vinasaba, matokeo yakatoka 2015, walionyesha kwamba mibuyu hiyo ililetwa kwa nyakati mbalimbali kutoka bara la Afrika. Bahari ya Hindi ilikuwa na shughuli nyingi: majahazi, wafanyabiashara, askari na watumwa. Wasidi wa Karnataka na Gujarat, wazao wa Waafrika hao, wapo mpaka leo.

Na mibuyu hiyo imepata wenyewe. Kintoor, jimbo la Uttar Pradesh, uko mmoja unaoitwa Parijaat. Watu husema ulitoka mbinguni, maharusi hupelekwa kubarikiwa chini yake, na kuukata hata jani ni mwiko. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuona mbuyu umefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe na chetezo kimeachwa mguuni, akisimama pale hatahitaji mkalimani. Mbuyu ulifika bila pasipoti ukapewa uungu. Ilichukua karne kadhaa tu. Mikrismasi ya Krumbiegel na waliomfuata bado ni mitoto.

Shida ni kwamba mji hauna subira hiyo. Siku hizi barabara mpya zinapandwa miti midogo ya mapambo ambayo haitamfunika hata mpiga pasi mmoja, kwa sababu haisumbui nyaya na haiinui vigae. Ni miti ya kutazamwa na mtu aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi. Hata ikifika miaka mia hakuna atakayeketi chini yake.

Mwendo wa magharibi kutoka Bengaluru, kati ya vijiji vya Hulikal na Kudur, kuna barabara ya kilomita nne hivi ambayo mibanyani, ile mitini mikubwa yenye mizizi ya kuning'inia, imeifunika pande zote mbili. Iko zaidi ya 380. Aliipanda mama mmoja aliyeitwa Thimmakka, kibarua wa machimbo ya mawe ambaye hakuwahi kuingia darasani, pamoja na mumewe Chikkaiah. Hawakujaliwa mtoto, na kijijini kukosa mtoto ni jambo ambalo majirani hawakuachii ulisahau. Badala ya kupeleka jiwe la nyoka kwenye mti wa mtu mwingine, wakaanza kupanda wao. Walibeba maji kwa ndoo kufuata miche barabarani, wakaizungushia matawi ya miiba ng'ombe wasiile. Mume alifariki 1991, mke akaendelea. Watu wakampa jina la Saalumarada, yaani wa safu ya miti.

Machi 2019 alikwenda Delhi kupokea nishani ya Padma Shri, na kamera zote zikamnasa akimwekea Rais wa nchi mkono kichwani kumbariki, kama bibi yeyote anavyombariki mjukuu aliyekuja kusalimia. Hakujali itifaki. Miezi michache baadaye ikasikika kwamba barabara ile itapanuliwa na miti yake iko njiani. Kisheria haikuwa yake. Iko ardhi ya serikali na serikali ndiyo inayoitunza. Shina halikuwa na uzi wala manjano. Thimmakka, akiwa amepita miaka mia, akajikongoja mpaka kwa Waziri Mkuu wa jimbo, H. D. Kumaraswamy, kumwomba aiache. Wahandisi wakaagizwa kutafuta njia nyingine. Alifariki Novemba 2025, umri wake ukihesabiwa miaka 114, na swali la nani sasa ataizungukia ile mibanyani kila asubuhi liko mikononi mwa watu wa Hulikal.